Pimbi Aliyesoma Masharti ya Leseni

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Na mashine.
— Mashine ya nani?
— Ya wote.
— Na ufunguo wake?
— Wa mmoja.
— Mnaona sawa?
— Hatuoni sawa.
— Basi sogeeni karibu. Asiyeona sawa ndiye ninayemtaka. Anayeona sawa akalale.

Hapo kale, si kale ya mababu, kale ya juzi tu, nchi ya wanyama ilikuwa na dimbwi moja. Mto ulikuwa umekauka, umebaki mchanga na matete. Dimbwi moja, wanyama wengi. Wakawekeana zamu za kunywa. Kila mwaka, kabla kiangazi hakijakaza, kila kundi liliandika barua ya kuomba zamu, na barua zikapokelewa na Kobe, katibu wa Baraza la Dimbwi. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa, jua likifika utosini. Kundi lisiloleta barua linabaki na zamu yake ya mwaka jana, iwe nzuri iwe mbaya. Hiyo ndiyo desturi.

Zamani barua ziliandikwa kwa ukucha, juu ya tope, pembeni mwa dimbwi. Mwaka mmoja Kiboko akapita juu yake, puu, puu, puu, akasema samahani, sikuziona. Zikafutika zote isipokuwa ya kwake. Baraza likakasirika, likasema kuanzia leo hatupokei barua ya tope, tunapokea barua iliyochapwa. Wakatafuta mashine moja na printa yake, wakaziweka ndani ya kichuguu kikubwa kilichohamwa na mchwa, wakatandaza sola juu, wakapaita Ofisi ya Zamu.

Mashine ikataka programu ya kuandikia. Programu ikataka leseni. Leseni ikataka fundi wa kuifungulia akaunti. Nani akajitolea kuwa fundi? Kiboko. Yule yule aliyezikanyaga barua. Na wanyama wakampigia makofi.

Msinitazame mimi. Mimi sikuwepo kwenye mkutano huo.

Karani wa ofisi alikuwa Pimbi. Mnamjua pimbi: kimo cha sufuria, mkia hana, macho mawili meusi yasiyopepesa. Huyu alikuwa msichana, ana vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi, na akishaanza jambo hajui kuliacha. Mwaka uliopita wanyama wadogo walikosa kupeleka barua. Zamu yao ikabaki ile ile ya jioni, Kiboko akishaoga, akishajigaragaza, akishafanya yote anayofanya Kiboko majini. Wakanywa tope kiangazi kizima. Mama Kanga alizika vifaranga wawili. Pimbi alisimama kwenye maziko hayo, hakulia, alisema tu, "Mwaka huu barua itafika."

Mwaka huo ukafika. Jumatano asubuhi Pimbi akakaa mezani kuandika barua moja ya wadogo wote, pimbi, kanga, digidigi na kuchakuro. Akaandika: Sisi wanyama wadogo tunaomba zamu ya alfajiri, kabla maji hayajavur...

Ting.

Mstari mwekundu ukajitandaza juu ya skrini. LESENI HAIJATHIBITISHWA. UNAWEZA KUSOMA, HUWEZI KUANDIKA.

Pimbi akabonyeza herufi. Herufi haikutoka. Akabonyeza nyingine. Haikutoka. Barua ilikuwa pale pale mbele yake, anaiona, anaisoma, na hawezi kuongeza hata nukta.

"Kusoma ruhusa, kuandika marufuku," akasema. "Huyu aliyetunga hii anatujua vizuri."

Akazima mashine, akaiwasha. Akajaribu. Ting.

Akatazama saa ya mashine, maana wingu likifunika sola saa hurudi nyuma na programu hudhani ni mwaka mwingine. Saa ilikuwa sawasawa. Akajaribu tena. Ting.

Akapanda juu ya kichuguu, akaelekeza waya wa mtandao upande wa kilima. Mtandao ukaja wote. Akashuka, akajaribu. Ting.

Akaingiza namba ya leseni upya, herufi kwa herufi, zote ishirini na tano, ulimi nje. Ting.

Mama Kanga alikuwa mlangoni na vifaranga wake tisa nyuma yake, wamepanga mstari. "Mwanangu, mwite fundi," akasema.

"Sitaki kumwita fundi."

"Hata mimi sitaki. Mwite."

Akaitwa. Hakufika upesi. Kiboko haji upesi mahali anapohitajiwa. Kwanza ikasikika sauti, puu, puu, puu, kisha ukasikika wimbo wake:

Pisheni, fundi apite,
bila mimi hamwandiki.
Leteni, fundi akate,
bila tikiti hafiki.

Pimbi akasimama. "Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba, kabinti. Imegoma?"

"Imegoma."

"Umegusa nini?"

"Sikugusa kitu. Nilikuwa naandika."

"Ndiyo kosa lenyewe," akasema Kiboko. "Mashine ni laini, nyinyi mnaandika sana. Kikapu kiko wapi?"

Kikapu kilikuwepo. Matikiti sita, jasho la wadogo wote, yaliyomwagiwa umande kwa majani kwa sababu maji hayakuwepo. Kiboko akafungua kinywa, akayamwaga yote sita kwa mkupuo mmoja. Pwaa. Mbegu moja ikamrukia Pimbi puani. Kisha akaingiza kichwa ndani ya kichuguu. Kichwa tu, mwili ulibaki nje. Akaandika paswadi yake kwa ncha ya jino, ko, ko, ko, maana mguu wa kiboko ukigusa kibodi hugusa herufi kumi. Mstari mwekundu ukatoweka.

"Imepona," akasema. "Kama itagoma tena, mniite."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo, Fundi. Na wiki ya juzi."

"Na nilikuja, au sikuja? Mshukuru mna fundi anayekuja." Akaondoka, puu, puu, puu.

Pimbi akaruka kitini. Akaandika ...ugwa. Tunaomba hivyo kwa sababu... Nje hatua zilikuwa zinafifia. Akaandika, akaandika, hajafika mwisho wa mstari wa nne.

Ting.

Vifaranga tisa wakamtazama mama yao. Mama Kanga akatazama kikapu kitupu. "Sasa tutampa nini tena?" akauliza. "Shamba limekwisha."

Pimbi alikuwa amesogeza pua mpaka ikagusa skrini. Chini ya yale maandishi makubwa mekundu kulikuwa na maandishi madogo, ya kijivu, mepesi kama vumbi, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyajali. Akayasoma: Leseni hii inatumika kwenye mashine tano kati ya tano zinazoruhusiwa.

Akahesabu mashine za ofisini. Moja. Akachungulia chini ya meza. Moja. Akatazama nyuma ya printa, palipokuwa na mjusi. Mjusi si mashine.

"Mama Kanga," akasema, "hapa ipo moja. Tano ziko wapi?"

Akaenda kuzitafuta. Mguu kwa mguu, akafuata nyayo za Kiboko mpaka mtoni, akajibanza kwenye matete. Na alichokiona, jamani, naomba mkae vizuri. Chini ya kibanda cha makuti, zimepangwa mashine tano. Mbele yake foleni: ngiri, nyani, nyumbu, wote wanaandikiwa barua zao za zamu, kila mmoja na boga lake begani. Juu kimetundikwa kibao: KIBOKO, HUDUMA ZA KUCHAPA. Na Kiboko mwenyewe yuko kwenye ile mashine ya tano, anaingiza paswadi, ko, ko, ko. Ndiyo siri yote. Akija ofisini, anaitoa mashine yake moja kwenye leseni na kuiingiza ya ofisi. Akirudi nyumbani, anaingiza yake, na ya ofisi inasukumwa nje. Leseni ya wote, inalipiwa na Baraza, inaliwa mahali pamoja.

Pimbi akatoka mbio mpaka kwa Kobe, aliyekuwa na meza yake juu ya jiwe bapa karibu na dimbwi.

"Katibu, leseni ya ofisi imeibwa. Nimeona kwa macho yangu."

Kobe akatoa kichwa, polepole. "Ni malalamiko?"

"Ni malalamiko."

"Malalamiko yaletwe kwa maandishi. Yaliyochapwa."

"Katibu, mashine haiandiki. Ndicho ninacholalamikia."

"Basi ikiandika, utaniletea," akasema Kobe, akarudisha kichwa.

Mpo?
— Tupo.
Mmesikia jibu la katibu?
— Tumesikia.
Mimi nimelisikia mara nyingi kuliko nyinyi. Tuendelee.

Alhamisi Pimbi hakutafuta tikiti. Hakumbembeleza mtu. Alifungua ukurasa wa masharti ya leseni, kurasa arobaini, akapanda juu ya sola na simu ya ofisi mkononi, akaanza ukurasa wa kwanza. Jua likapanda. Pimbi anasoma. Jua likasimama. Pimbi anasoma. Masharti yaliandikwa kwa lugha ya kumchosha mtu kwa makusudi, "mtumiaji" hapa, "endapo" pale, "pasipo kuathiri" kila mahali.

Mama Kanga akapanda kumwangalia. "Mwanangu, hayo hakuna anayeyasoma."

"Najua, Mama. Aliyeyaandika pia anajua."

"Kesho ndiyo Ijumaa."

"Najua."

"Ukikosa?"

Pimbi akainua macho. Chini, vifaranga tisa walikuwa wanadonoa ganda kavu la tikiti lililobaki, wanatafuta unyevu. "Sitakosa," akasema, akafungua ukurasa wa thelathini.

Kwenye ukurasa wa thelathini na moja akakuta sharti moja. Akalisoma mara moja. Akalisoma mara ya pili. Akalisoma kwa sauti. Kisha akashuka kwenye sola, akalala usingizi mzuri.

Ijumaa asubuhi akamtuma Mama Kanga mtoni na maneno haya, bila kuongeza wala kupunguza: Pimbi anasema, kwenye masharti ya leseni imeandikwa mashine hamsini.

Safari hii Kiboko alikuja upesi. Hata wimbo aliusahau.

"Hamsini?" akauliza, kichwa ndani ya kichuguu, anahema.

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba. Hamsini?"

"Nimesoma. Ipo leseni ya mashine hamsini. Inaombwa ndani ya akaunti ile ile uliyonayo. Lakini mimi ni karani, sina paswadi."

Kiboko akafumba macho. Akaona vibanda kumi vya makuti, mashine hamsini, foleni inazunguka mlima, na maboga, mboga, matikiti yakimiminika kama mvua. Mate yakamdondoka, to, to, to, sakafuni mwa ofisi.

"Fungua huo ukurasa."

Ukurasa ukafunguka, maana kusoma kunaruhusiwa. Pimbi akageuza uso kwa adabu. Ko, ko, ko. Kiboko akaingia kwenye akaunti yake. Skrini ikauliza: Akaunti hii ni ya mtu binafsi au ya ofisi?

"Ya mtu," akasema Kiboko. "Yangu."

"Sawa, Fundi. Basi ni tano."

"Tano zipi?"

"Mtu binafsi hupewa tano. Ofisi ndiyo inayoweza kuomba hamsini. Mimi sikuyatunga, yameandikwa."

Akili ya Kiboko ikasikika ikigeuka ndani, polepole, kama jiwe la kusagia. "Hapa ofisi ni nani?" akauliza.

"Hilo ujibu wewe."

"Mimi nikija, mnaandika. Nikiondoka, hamwandiki. Kweli si kweli?"

"Kweli kabisa."

"Basi ofisi ni mimi."

"Umesema mwenyewe, Fundi."

Ko. Akabonyeza Ofisi. Skrini ikataka jina la ofisi. "Andika jina lipi?" akauliza.

"Masharti yanataka jina lililo kwenye kibao cha mlangoni."

Kiboko akatoa kichwa, akasoma kibao, akarudisha kichwa. Akaandika kwa jino, herufi moja moja, jasho linamtoka: Ofisi ya Zamu. Skrini ikataka namba ya simu.

"Weka ya kwako," akasema Pimbi.

"Sina. Nimezamisha nne mwaka huu." Kweli, anayelala majini simu haimfai. Macho yake yakaangukia simu ya ofisi, iliyoning'inia ukutani kwa kamba. "Hiyo namba yake ngapi?"

Pimbi akamtajia. Mlangoni kivuli cha kichuguu kilikuwa kimefupika. Zimebaki saa mbili, labda pungufu.

Skrini ikajaa maandishi. Kurasa arobaini. Chini kabisa, kijisanduku kidogo: Nimesoma na nimekubali.

"Nikusomee, Fundi?"

"Yote hayo?"

"Yote. Sina haraka," akasema Pimbi, naye alikuwa na haraka kuliko yeyote duniani.

"Acha."

"Nikusomee basi ukurasa wa thelathini na moja tu. Ni mfupi."

"Kidude wewe, mimi nilikuwa fundi kabla hujaota meno. Nani anasoma masharti? Umewahi kuona fundi anasoma masharti?"

"Sijawahi. Ndiyo maana nakuomba. Aya moja, Fundi. Inaanza hivi: Akaunti ikishageuzwa kuwa ya ofisi..."

"Nyamaza, nabonyeza," akasema Kiboko, akabonyeza.

Ko.

Mara tatu aliambiwa. Mnahesabu? Mara tatu. Atakayekuja kusema Pimbi alificha kitu, mleteni kwangu.

Skrini ikaandika: Hongera. Akaunti hii sasa ni mali ya Ofisi ya Zamu. Maombi ya mashine hamsini yamepokelewa. Majibu ndani ya siku ishirini na moja.

"Siku ishirini na moja?" akauliza Kiboko.

"Ukurasa wa thelathini na tatu, Fundi."

Wakati huo huo simu ikatetema ukutani, grrr, grrr. Na kabla Kiboko hajauliza simu inasema nini, kelele zikatoka upande wa mtoni, sauti za ngiri na nyani pamoja: "Fundi, zimegoma. Zote tano zimegoma. Fundi, njoo, maboga yetu umeshayala."

Kiboko akachomoa kichwa, akaondoka na kipande cha mlango shingoni. Puu, puu, puu, puu.

Sasa mjue ukurasa wa thelathini na moja ulisema nini. Ulisema: Akaunti ikishageuzwa kuwa ya ofisi, haigeuzwi tena kuwa ya mtu. Mashine zote zilizokuwa ndani hutolewa mara moja. Paswadi ya zamani hufa, na mpya hutumwa kwenye simu ya ofisi. Basi. Mistari mitatu. Ingemchukua Kiboko muda wa kutafuna ganda moja.

Pimbi akashika simu, akaisoma paswadi mpya, akaiingiza. Akavuta pumzi. Akajaribu.

Kimya. Hakuna ting. Mstari mwekundu ukajikunja ukaenda zake, na juu ya skrini ikaandikwa: Leseni imethibitishwa.

"Mama Kanga, zuia mlango," akasema, na vidole vikaanza. Tika tika tika tika. Aliandika kila kitu. Aliandika maji yanavyokuwa alfajiri na yanavyokuwa jioni. Aliandika majina ya vifaranga wawili waliozikwa, maana Mama Kanga aliyataja pale pale mlangoni, la kwanza kwa sauti kavu, la pili kwa shida. Aliandika kwamba wadogo hawaombi huruma, wanaomba muda wa saa mbili tu za alfajiri. Akabonyeza chapa. Printa ikakohoa, ikasita, ikafikiri, kwiii, kwiii, ikamtoa mjusi kwanza, halafu ikatoa barua.

Pimbi akaitia mdomoni, akatimua mbio.

Kivuli chake kilikuwa kimeshaingia chini ya tumbo. Kushoto kulikuwa na dimbwi, kulia mawe, na nyuma yake, kutoka mtoni, ikarudi ile sauti, puu, puu, puu, safari hii bila kupumzika katikati. Kiboko alikuwa amejaribu paswadi yake ya zamani mara tano, na mara tano imemkataa, na akili yake iliyokuwa ikigeuka polepole ilikuwa imefika.

"Kobe, usipokee," akanguruma kwa mbali. "Kobe, usipokee hiyo barua."

Pimbi akaiweka barua juu ya jiwe. "Katibu, barua ya wanyama wadogo. Imechapwa."

Kobe akatoa kichwa, polepole. Akatazama barua. Akamtazama Kiboko anayekuja na vumbi lake. "Naona kuna ubishi," akasema.

"Upo. Lakini ubishi hauna saa ya mwisho, barua inayo. Gonga muhuri kwanza, Katibu, kisha tubishane mpaka kesho kutwa. Kubishana ninakuweza."

Kobe akafikiri. Akatazama jua. Akachukua muhuri. Akaupuliza vumbi. Akaulowesha wino upande mmoja. Akaulowesha upande wa pili. Puu, puu, puu, jiwe likaanza kutetemeka, kivuli cha Kiboko kikaifunika meza, na Kobe, ambaye hajawahi kuharakisha kitu tangu atoke kwenye yai, hakuharakisha hata hapo. Akauinua muhuri. Akaushusha.

Dap.

Jua likafika utosini.

"Imepokelewa," akasema Kobe. "Haya, ubishi."

"Kidude hiki kimeniibia akaunti," akasema Kiboko. "Kimenidanganya."

Pimbi akapanda juu ya jiwe ili wafikiane macho, akafika usawa wa pua tu. "Nilikudanganya wapi, Fundi? Taja uongo mmoja."

"Ulisema hamsini."

"Zipo hamsini. Umeziomba. Utajibiwa."

"Ulisema..." Kiboko akatafuta. "Ulinifanya niseme mimi ni ofisi."

"Nilikuuliza, ukajibu. Na kama wewe ni ofisi, basi hukuibiwa kitu, akaunti iko kwako. Na kama wewe si ofisi, mashine tano kule mtoni zilikuwa zinakula leseni ya nani? Chagua moja. Ukichagua yoyote, mimi nimekaa vizuri."

Wanyama walikuwa wamejaa. Ngiri alikuwepo, nyani alikuwepo, kila mmoja anataka boga lake.

"Nani alibonyeza Nimekubali?" akauliza Kobe.

"Mimi," akasema Kiboko.

"Ulisoma?"

Kiboko akafungua kinywa. Mnakijua kinywa cha kiboko kikifunguka, mnaweza kuegesha mkokoteni mle ndani. Akakifungua chote, mpaka watoto wakaona koo. Upepo ukaingia, ukatoka. Akakifunga.

Baraza likagawa zamu usiku ule ule, na Jumamosi alfajiri Mama Kanga alifika dimbwini wa kwanza. Maji yalikuwa yamelala, meupe, kila nyota bado ipo ndani. Vifaranga tisa wakasimama ukingoni, wakaogopa kidogo, maana hawakuwahi kuona maji wakaona na miguu yao chini yake. Mmoja akainama akanywa. Akainua kichwa, akamtazama mama yake, kana kwamba kuna kitu alikuwa amefichwa tangu azaliwe. Pimbi alikuwa amekaa juu ya jiwe la Kobe. Aliwaacha wote wanywe kwanza. Kisha akashuka, akanywa na yeye, akanywa mpaka tumbo likaita.

Upande wa pili Kiboko alikuwa amekaa kwenye mchanga, ngozi inamwasha, anasubiri zamu yake. Naye alisubiri, kama wengine wote wanavyosubiri.

Hapo ndipo ninapoitua hadithi hii, mgongo umeniuma. Utamu wake gawaneni nyinyi, uongo wake nirudishieni mimi, na atakayekwenda kuisimulia kwingine asiseme ameitunga.

— Na funzo lake?

Funzo mnalitaka? Haya, funzo ni hili. Wanangu, masharti msiyasome. Mkikuta kijisanduku, bonyezeni mpite. Mtoto anayesoma masharti huanza kuuliza maswali, akiuliza maswali hupata majibu, na akipata majibu, mafundi wakubwa wa nchi hii watakula nini? Kwa hiyo muwe na adabu. Mtu akiwafungia mlango kila wiki, mpeni tikiti na mumwambie asante, kwa sababu ndiye huyo huyo anayekuja kuwafungulia. Na mkimwona pimbi yeyote amekaa juani na kurasa arobaini mkononi, mnyang'anyeni upesi, mwambieni msichana mzuri hasomi maandishi madogo.

— Tumesikia.

Mmesikia, sawa. Mmekubali?

— Hatujasoma.

Basi nendeni mkalale, mmeshaelewa.